Kuchagua Giaboksi ya Otomatiki kwa Gari la Dragi Lenye Tabo

Swali linaloulizwa mara nyingi na anayejenga gari la dragi, yaani la mbio fupi za mstari ulionyooka, lenye tabo ni hili: giaboksi gani inaweza kubeba nguvu za farasi 1,000 bila kupasuka? Ni swali la haki, lakini si la kwanza. Giaboksi nyingi za otomatiki zinazotumika katika mbio hizi zimekuwa mikononi mwa mafundi kwa miongo kadhaa, na karibu kila kipuri chake kinachovunjika kina mbadala wa chuma bora, hivyo uimara, kwa kiasi kikubwa, ni jambo la kununua. Kisichorekebishika kwa urahisi ni namna giaboksi inavyoipa tabo mzigo katika sekunde ya kwanza ya mbio, na hali inayoiachia baada ya kila badiliko la gia. Hapo ndipo giaboksi mbili zenye uimara sawa hutofautiana kabisa, na hapo ndipo uchaguzi unapopaswa kuanzia.

Tabo huendeshwa na gesi za ekzosi. Gesi hizo zikitoka kwa wingi na zikiwa na joto kali, tabo huzunguka kwa kasi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Lakini wingi wa gesi hautokani na mizunguko ya injini peke yake. Injini iliyo kwenye nyutro inaweza kupandishwa hadi mizunguko 5,000 kwa dakika na geji ya shinikizo la tabo isisogee, kwa sababu inahitaji hewa na mafuta kidogo sana kujizungusha yenyewe. Ni mzigo unaoilazimisha injini kumeza hewa nyingi, kuchoma mafuta mengi na kutema gesi nyingi. Kwa hiyo injini yenye tabo inapaswa kupewa kazi nzito kabla gari halijaondoka kwenye mstari, na kazi hiyo isikatizwe mpaka mwisho wa mbio. Giaboksi ya kawaida ya klachi ya mguu ina udhaifu katika mambo yote mawili: gari likiwa limesimama klachi iko wazi na injini haina mzigo wa maana, na kila gia inapobadilishwa dereva huachia mafuta au nguvu hukatwa kwa muda, shinikizo likashuka. Otomatiki hubadilisha gia mguu ukiwa bado umekandamiza mafuta hadi mwisho. Hii ndiyo sababu magari mengi ya dragi yenye tabo kubwa hutumia otomatiki, hata yale yaliyotoka kiwandani na klachi ya mguu.

Kati ya injini na giaboksi kuna konvata, na ukweli ambao wengi huupuuza ni kwamba konvata ni nusu ya uchaguzi wenyewe. Ndani yake mna gurudumu linalosukuma oili, ambalo limefungwa na injini, gurudumu linalopokea oili hiyo, ambalo limefungwa na shafti ya giaboksi, na katikati yao stata, ambayo hugeuza mwelekeo wa oili inayorudi ili iongeze msukumo badala ya kuupinga. Gurudumu la pili likiwa limesimama na la kwanza likizunguka, konvata huweza kuzidisha msokoto wa injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha shafti, kwa kiasi cha mara mbili hivi. Kadiri magurudumu hayo yanavyokaribiana kwa kasi, ndivyo ongezeko hilo linavyopungua, hadi konvata inapobaki kupitisha tu kile inachopewa.

Kila konvata ina kikomo chake: mizunguko ambayo injini hufika na kugoma kupanda zaidi wakati shafti ya giaboksi imezuiwa. Wauzaji huandika kikomo hicho kama namba moja, na namba hiyo moja imewapotosha wajenzi wengi, kwa sababu kikomo hufuata msokoto wa injini. Kwa konvata ile ile, mizunguko ya kikomo hupanda sambamba na kipeuo cha pili cha msokoto. Chukua konvata inayokoma kwenye mizunguko 3,500 nyuma ya injini inayotoa nyutoni-mita 400. Ifunge nyuma ya injini inayotoa nyutoni-mita 900, ambazo ni mara 2.25 ya zile za awali. Kipeuo cha pili cha 2.25 ni 1.5, kwa hiyo kikomo kipya ni mizunguko 5,250. Konvata haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kinachoisukuma.

Kwa injini yenye tabo hesabu hiyo ina mtego wa ziada, kwa kuwa injini hiyo kwa hakika ni injini mbili katika mwili mmoja. Kabla shinikizo halijapanda, ni injini dhaifu kuliko isiyo na tabo ya ukubwa ule ule, kwa kuwa mara nyingi pistoni zake hubana hewa kwa uwiano mdogo zaidi. Shinikizo likishapanda, msokoto wake hurukia mara mbili au zaidi. Konvata iliyokaza, yaani yenye kikomo cha chini, iliyochaguliwa ili isiteleze mwishoni mwa mbio, huishikilia injini ile dhaifu kwenye mizunguko midogo ambako tabo kubwa haiamki kabisa, na dereva hubaki kwenye mstari akikanyaga mafuta bila kitu kutokea. Konvata legevu, yenye kikomo cha juu, huiruhusu injini kupanda na kuamsha tabo upesi, lakini nguvu zote zikishafika huteleza mno, na sehemu ya nguvu hiyo haifiki kwenye tairi. Mtengenezaji mzuri wa konvata huuliza ukubwa wa injini, vipimo vya tabo, uzito wa gari, uwiano wa difu, kipimo cha tairi na shinikizo linalotakiwa kwenye mstari kabla ya kukata chuma. Asiyeuliza hayo anauza namba tu. Zipo pia konvata zinazofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, ambazo stata yake inaweza kubadilishwa, na zipo valvu zinazopunguza oili inayoingia kwenye konvata wakati wa kuamsha tabo, ili konvata iliyokaza ijifanye legevu kwa muda mfupi kisha irudi katika hali yake gari linapoondoka.

Chombo kinachofanya mambo haya yote yawezekane kwenye mstari ni breki ya giaboksi. Katika giaboksi kama Powerglide na TH400, zote mbili za General Motors, solenoidi (valvu inayoendeshwa kwa umeme) iliyo kwenye bodi ya valvu hupeleka oili kwenye gia ya kwanza na kwenye gia ya nyuma kwa wakati mmoja. Gia mbili zinazopingana zikishikwa pamoja, shafti ya kutokea haiwezi kuzunguka upande wowote. Dereva hubonyeza kitufe, hukanyaga mafuta hadi mwisho, injini hupanda hadi kwenye kikomo cha konvata au kile kilichowekwa kwenye kompyuta, na tabo hujaa. Akiachia kitufe, oili ya gia ya nyuma hufunguliwa njia na gari huruka. Breki za magurudumu haziwezi kufanya kazi hiyo kwenye injini yenye nguvu nyingi, kwani tairi za nyuma huzishinda kabla shinikizo halijafika panapotakiwa. Kwa maoni yangu, giaboksi isiyokubali breki ya namna hii haina nafasi katika gari lenye tabo kubwa linalojengwa kwa ajili ya mbio tu.

Gharama yake ni joto. Shafti ikiwa imefungwa, nguvu yote ya injini huishia ndani ya oili ya konvata, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kwenda. Injini inayotoa nyutoni-mita 640 kwenye mizunguko 4,500 inatoa takriban kilowati 300. Ukizimimina ndani ya kilo 5 za oili, bila kuhesabu chuma kinachofyonza sehemu yake, oili hiyo hupanda karibu nyuzi 30 za Selsiasi kila sekunde. Anayekaa kwenye kitufe kwa sekunde 5 akisubiri tabo iamke tayari ameshaipika oili, na oili iliyopikwa hupoteza uwezo wa kulinda sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi. Kwa sababu hii konvata inayoamsha tabo ndani ya sekunde 1 au 2 ina thamani kuliko rejeta kubwa ya oili, ingawa rejeta yenye feni yake bado inahitajika ili kuishusha oili kati ya mbio moja na nyingine.

Sasa tuje kwenye gia zenyewe. Powerglide ya Chevrolet ilianza kuuzwa mwaka 1950, na toleo lenye mwili wa aluminiamu, ambalo ndilo linalothaminiwa katika mbio, lilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1973. Ina gia mbili tu za kwenda mbele: ya kwanza ni 1.76 au 1.82 kutegemea toleo, na ya pili ni 1.00, namba hizo zikiwa ni mizunguko inayoingia kwenye giaboksi kwa kila mzunguko mmoja unaotoka. TH400, iliyoingia sokoni kwa magari ya mwaka 1964, ina gia tatu: 2.48, 1.48 na 1.00. Ukitazama namba hizo ukiwa na mazoea ya injini isiyo na tabo, unaweza kudhani kwamba Powerglide ni kifaa cha kizamani kinachopaswa kusahauliwa. Kwenye tabo mambo hugeuka.

Gia ya kwanza ya 2.48 hupeleka kwenye tairi msokoto unaozidi ule wa 1.76 kwa asilimia 40 hivi, mengine yote yakiwa sawa. Gari zito, lenye kilo 1,600 kwa mfano, linahitaji msaada huo ili litoke mahali lilipo. Gari jepesi lenye nguvu nyingi haliuhitaji; tatizo lake ni tairi kuteleza, na msokoto wa ziada huishia kuwa moshi. Tena gia fupi, yaani yenye namba kubwa, huliruhusu gari kupata kasi upesi kiasi kwamba injini hukimbia kupita mizunguko yake kabla tabo haijafikia shinikizo kamili, wakati gia ndefu huishikilia injini chini ya mzigo kwa muda mrefu zaidi, na mzigo, kama tulivyoona, ndio chakula cha tabo. Ndiyo maana Powerglide imeendelea kufungwa kwenye magari mepesi yenye nguvu za kutisha: ina vipande vichache vinavyozunguka, inapoteza nguvu kidogo ndani yake, na ina badiliko moja tu la gia ambalo linaweza kuharibu mbio.

Udhaifu wake ni pengo. Ukibadilisha gia kwenye mizunguko 7,000, uwiano wa 1.76 hadi 1.00 ungeishusha injini hadi karibu 3,980 kama konvata isingeteleza. Kwa uhalisi konvata huikamata injini karibu na kikomo chake, tuseme 5,200, na hapo huteleza sana kwa muda huku ikizidisha msokoto, hivyo kufanya kazi ya gia ya kati ambayo Powerglide haina. Mpango huo hufanya kazi vizuri mradi konvata imetengenezwa kwa ajili hiyo. Anayefunga Powerglide kwa konvata iliyokaza huiona injini ikizama baada ya badiliko na kulalamikia giaboksi, kumbe kosa liko mbele ya giaboksi hiyo, kwenye konvata. TH400, kwa upande wake, hushuka kutoka 7,000 hadi 4,180 hivi kwenye badiliko la kwanza na hadi 4,730 kwenye la pili, kwa hiyo huisamehe konvata iliyokaza zaidi, na huisamehe tabo ambayo ni kubwa kuliko injini. Zipo seti za gia za kisasa zinazobadilisha ya kwanza ya TH400 kuwa karibu 2.10, na kwa gari la uzito wa kati lenye tairi pana huo ndio uamuzi ambao ningeuchukua mimi.

Giaboksi zenye gia ya nne ya kupunguza mizunguko huwavutia wanaotaka gari liendeshwe barabarani pia. Hapa lazima tutofautishe. Giaboksi ya 2004R ya General Motors ilikuwa nyuma ya injini ya V6 ya lita 3.8 yenye tabo katika Buick Grand National ya 1987, kwa hiyo historia yake na tabo ni ya kweli, lakini vipande vyake ni vidogo na kuiimarisha kwa nguvu kubwa hugharimu. 4L60E, ya kampuni hiyo hiyo, ina gia ya kwanza ya 3.06 na ya pili ya 1.63, pengo linaloishusha injini kutoka 7,000 hadi 3,730, ambalo kwa tabo kubwa ni anguko. Isitoshe, klachi zake za gia ya tatu na ya nne pamoja na gamba linalobeba gia ya jua (gia ya katikati ya seti ya gia) ni sehemu zinazojulikana kwa kuvunjika. A340E ya Toyota, iliyokuwa nyuma ya injini ya tabo ya 2JZ-GTE katika Supra za otomatiki, ina 2.80 kisha 1.53, na ina tabia inayokaribiana na hiyo. 4L80E, iliyotoka mwaka 1991, ni jambo jingine kabisa: ni mtoto wa TH400, ina uwiano ule ule wa gia tatu za kwanza, ikaongezewa ya nne ya 0.75, usimamizi wa kielektroniki na klachi ya kufungia konvata. Ni nzito na ni ndefu, lakini kwa gari linalofika uwanjani kwa magurudumu yake yenyewe sioni inayoizidi miongoni mwa za kizazi chake.

Klachi hiyo ya kufungia konvata inahitaji maelezo. Ikifungwa, gurudumu linalosukuma na lile linalopokea hushikamana kwa chuma, na utelezi huisha. Konvata inayoteleza asilimia 5 nyuma ya injini ya nguvu za farasi 1,000 hupoteza takriban nguvu 50, ambazo ni kama kilowati 37 za joto. Kwa hiyo mjenzi anaweza kuchagua konvata legevu kwa ajili ya mstari, kisha akaifunga kwenye gia ya mwisho na kurudishiwa kilichokuwa kikipotea. Sharti ni klachi yenye sahani kadhaa. Ile ya sahani moja ya kiwandani iliundwa kwa mwendo wa utulivu barabarani na haiwezi kuhimili kufungwa chini ya shinikizo kamili la tabo.

Kizazi kipya kimeleta 8HP ya kampuni ya Kijerumani ya ZF, iliyoanza kuonekana mwaka 2009 na kuenea katika magari ya watengenezaji wengi. Gia zake nane zimepangwa hivi: 4.71, 3.14, 2.11, 1.67, 1.29, 1.00, 0.84 na 0.67. Hesabu ya mizunguko inaonyesha kwa nini watu wa tabo wameipenda: ukibadilisha kwenye 7,000, kutoka ya pili kwenda ya tatu injini huangukia 4,700, kisha kutoka ya tatu na kuendelea huangukia zaidi ya 5,400 kila mara. Tabo iliyokwisha kuamka hailali tena, na konvata inaweza kuwa iliyokaza. Uzito wa jambo umehamia kwenye kompyuta. Giaboksi hii hutegemea mazungumzo ya kila sekunde kati yake na injini. Inapobadilisha gia huiomba injini ipunguze msokoto kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kompyuta ya injini isipojibu ombi hilo ipasavyo, klachi huteleza na kuungua. Anayeichagua anachagua pia saa nyingi za kupanga programu, na asiye na mtu wa kuifanya kazi hiyo afadhali abaki na TH400.

Uwiano wa difu huchaguliwa mwisho, kwa kuanzia kasi inayotarajiwa mwishoni mwa mita 402 (robo maili, urefu wa mbio) na kurudi nyuma. Tairi ya inchi 28 ina mzingo wa mita 2.23 hivi. Kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa huzunguka karibu mara 1,790 kwa dakika. Ikiwa injini inapaswa kuvuka mstari ikiwa kwenye 7,000, gia ikiwa 1.00 na konvata ikiteleza asilimia 5, difu inayofaa ni ya 3.7. Konvata ikiwa imefungwa, ni 3.9. Wenye tabo huharibu hesabu hii kwa kuchagua difu fupi kwa mazoea ya zamani, kisha injini hukosa nafasi ya kuvuta mita mia za mwisho ambako shinikizo liko juu kabisa.

Kuhusu uimara ambao niliuweka kando mwanzoni, la kuangaliwa kwa makini si nguvu ya juu bali mishtuko. Tairi inayochomwa kwenye maji kabla ya mbio, ikikanyaga ghafla lami kavu, hurudisha kishindo ndani ya giaboksi ambacho kinaweza kuvunja klachi ya mwelekeo mmoja inayobeba gia ya pili katika TH400, hata kama haikuwahi kulalamika wakati wa mbio zenyewe. Na giaboksi inapopasuka, hupasuka karibu na miguu ya dereva. Mwezi Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, giaboksi ya gia mbili ya dereva maarufu wa dragi, Don Garlits, ililipuka kwenye mstari wa kuondokea na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Ngao za giaboksi zenye kiwango cha SFI 4.1 (SFI ni shirika la viwango vya usalama wa mbio), sahani ya flaiwili ya SFI 29.1 na ngao yake ya SFI 30.1, ambazo kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio za dragi Marekani, huzidai kwa magari ya kasi, zinapaswa kuwa kwenye bajeti kabla ya tabo yenyewe. Hali kadhalika kizuizi cha gia ya nyuma kwenye mkono wa gia na swichi inayozuia injini kuwaka ikiwa ndani ya gia. Hakuna sababu ya kujadiliana juu ya vitu hivi.

Gari likishakimbia, uchaguzi hupimwa kwa mistari mitatu ya kumbukumbu zilizorekodiwa wakati wa mbio: mizunguko ya injini, mizunguko ya shafti ya nyuma, na shinikizo la tabo. Katika gia ya 1.00, injini ikiwa 7,200 na shafti 6,620, konvata inateleza asilimia 8, na kwa injini iliyokwisha kufikia shinikizo kamili huo ni ulegevu wa kurekebishwa. Mizunguko ikipanda vizuri kwenye breki ya giaboksi lakini shinikizo likachelewa, injini haina mzigo wa kutosha na konvata yenyewe huenda ni legevu mno hapo. Shinikizo likiporomoka baada ya kila badiliko na kuchukua zaidi ya nusu sekunde kurudi, kuongeza shinikizo kwenye kompyuta hakutaliponya. Kinachodaiwa ni gia zilizokaribiana zaidi au konvata legevu kidogo, na kama konvata ni ile ya bolti, stata yake ibadilishwe na gari lipimwe tena kabla giaboksi haijashushwa.